Kilembe: Mgodi ulifungwa, sumu ikabaki

Je, msomaji, umewahi kufika Kilembe? Ni bonde lililo chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, mwendo mfupi kutoka mji wa Kasese. Wapanda milima hupitia huko wakielekea kwenye theluji ya kilele cha Margherita. Mandhari yanapendeza, lakini usiharakishe kupiga picha. Teremka kwanza hadi kando ya mto Nyamwamba.

Hapo utakuta marundo ya mchanga ambayo juu yake mimea huota kwa shida. Hayo ni masalio ya mgodi wa shaba ulioanza kazi mwaka wa 1956, mwaka uo huo reli iliyotoka Mombasa ilipofika Kasese. Shaba iliyeyushwa Jinja, kisha ikasafirishwa ng'ambo kupitia bandari yetu. Uchimbaji ulisimama mwaka wa 1982, baada ya mawe zaidi ya tani milioni 16 kutolewa mlimani.

Hebu fanya hesabu. Katika kila tani 100 za mawe hayo, shaba ilikuwa kama tani 2 tu. Yaliyosalia yalisagwa yakawa unga, nao ukaachwa papo hapo bondeni.

Unga huo una salfa. Ukikutana na hewa na maji ya mvua hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha mabaki ya shaba na kobalti na kuyateremsha mtoni. Nyamwamba hupita Kasese na kuelekea Ziwa George, wanakotegemea wavuvi wengi. Watafiti wamekuta madini hayo katika udongo wa mashamba ya bondeni na hata katika mboga zinazokuzwa humo. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yalizidisha balaa. Mto ulivunja kingo, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe, ukazoa na mchanga wa mgodi.

Serikali ya Uganda imekuwa na mipango ya kuufufua mgodi huo. Hakuna asiyetaka vijana wapate kazi. Lakini taka za miaka ile 26 bado ziko mtoni, na mtoto aliyezaliwa juzi Kilembe anakula mboga za udongo uo huo. Anayetaka kuchimba tena na aanze kwa kusafisha.

Nawe msomaji, ukiwasha taa jioni ya leo, kumbuka kwamba ndani ya waya za stima mna shaba. Mahali fulani kuna bonde lililobaki na unga wake.