Meno ya Difu na Mlima wa Marangu

Mji wa Moshi umekaa miguuni mwa Kilimanjaro, kwenye mwinuko wa takribani mita 800 hadi 900 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu, wanakopita wapandaji wa mlima, liko karibu na mita 1,900. Safari baina ya sehemu hizo mbili si ndefu. Unashika lami kuelekea mashariki mpaka Himo, kisha unakata kushoto na kupanda kwa kilomita zisizofika ishirini. Lakini katika kilomita hizo chache gari hunyanyuliwa karibu mita elfu moja, na kila anayeishi huko anaijua gharama yake: katika mafuta, katika klachi, au katika chuma kilichofichwa chini ya gari ambacho watu hawakikumbuki mpaka kianze kulia. Chuma hicho ni difu.

Mgeni hudhani kwamba mizigo ya Kilimanjaro huteremka tu. Dhana hiyo ina asili yake. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910 na ikaishia chini, penye tambarare. Na tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, kahawa ya wakulima wadogo imekuwa ikikusanywa huko juu na kushushwa mjini. Mikungu ya ndizi nayo hushuka kila siku ya soko. Hata hivyo, mzigo unaoitesa gari ni ule unaopanda. Familia nyingi zina kihamba juu, penye migomba, kahawa na zizi la ng'ombe, na shamba la mahindi chini, penye joto. Mavuno yakiisha, mahindi hupandishwa nyumbani, na baada yake mabua, kwa kuwa ng'ombe wa kihambani hafungwi kamba malishoni. Huletewa chakula zizini. Pikapu iliyojazwa mabua mpaka kuonekana kama nyumba ya makuti inayotembea ni jambo la kawaida katika barabara ya Himo.

Shemeji yangu, anayekaa nje kidogo ya Marangu Mtoni, anayo Toyota Hilux ya kazi hiyo. Ndiyo inayopandisha mabua, ndiyo inayopeleka watoto madrasa masika matope yanapozidi, na ndiyo inayomteremsha mama yake mzazi kwenda kliniki KCMC kila mwezi. Nilipowatembelea mara hii niliikuta inavuma. Mvumo ulianza kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ukapanda alipokanyaga mafuta, ukabadilika sauti alipoachia. Dalili hiyo inafaa kukumbukwa. Mvumo usiobadilika, dereva akanyage au aachie, mara nyingi hutoka kwenye beringi za magurudumu. Unaogeuka kwa kufuata mguu wa dereva huashiria meno ya difu au beringi za pinioni.

Tuliteremka nayo polepole hadi gereji moja ya Majengo, Moshi. Fundi alifungua kizibo, na mafuta yakatoka na rangi ya chai ya maziwa, yamechanganyika na vipande vya chuma. Maji yalikuwa yameingia. Hilo nalo ni la mlima ule: mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga inayosambaza maji vihambani, hukatiza njia nyingi za ndani, na masika barabara yenyewe hugeuka mto. Sili ikichakaa, maji hupata pa kupenya.

Msomaji asiyejua gari asituache hapa. Ndani ya difu kuna gia kubwa ya duara iitwayo krauni, na gia ndogo iitwayo pinioni inayozungushwa na propela. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, propela huzunguka mara 4.1 ili magurudumu yazunguke mara moja. Namba hiyo ikikua, gari hupata nguvu ya kupanda na hupoteza wepesi wa mbio. Ikipungua, mambo hugeuka. Kazi ya pili ya difu ni kuruhusu gurudumu la nje ya kona lizunguke zaidi ya la ndani, kwani lina safari ndefu zaidi. Kwa barabara za Marangu, zenye kona kila baada ya migomba michache, kazi hiyo haina mapumziko.

Fundi aliyatazama magurudumu kabla ya kuyatazama meno. "Shehe," alimwambia shemeji, "gari hili limevalishwa viatu vya mtu mzima, miguu ni ya mtoto." Alikuwa sahihi. Mmiliki aliyetangulia aliondoa tairi za 225/70R15 akafunga 265/70R16 ili gari linyanyuke juu ya mawe. Tairi za kwanza zina kipenyo cha milimita 696 hivi, za pili 777. Tofauti ni asilimia 12 hivi, na maana yake ni kwamba difu ya 4.1 ilikuwa ikifanya kazi kama ya 3.67. Injini ikakosa pumzi mlimani. Dereva akawa anapanda kwa gia ya kwanza palipostahili ya pili, na klachi ikaungua.

Kuteremka kulikuwa kubaya zaidi, na hapa ndipo ninapomwomba kila mwenye familia asimame kidogo. Anayeshuka Marangu na watu nyuma hategemei breki peke yake. Huweka gia ndogo ili injini iishike gari. Difu isiyolingana na tairi huipunguza nguvu hiyo ya kushika, dereva hulazimika kukanyaga breki mfululizo, breki hupata moto, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki tena. Mama mkwe wa dada yangu alikuwa akilalamikia harufu ya kuungua kila walipokaribia Himo. Walidhani ni uzee unaomfanya anuse vitu.

Duka la kwanza la spea zilizotumika lilitutolea jozi ya meno 43 kwa 11, bei nafuu, "inaingia bila shida". Kuingia ingeingia. Lakini huo ni uwiano wa 3.909, ambao kwa tairi zile ungekuwa kama 3.5: gari la kukimbia tambarare, si la kupandisha mabua. Muuzaji hakuutaja uwiano mpaka tulipohesabu wenyewe. Dini yetu imemlazimu muuzaji aitaje kasoro anayoijua, nami naona kwamba katika spea, kunyamazia uwiano kumo katika hukumu hiyo. Jambo jingine la kukagua ni namba za jozi. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na mara nyingi hugongwa namba inayofanana. Krauni ya huku ikiunganishwa na pinioni ya kule, mvumo utarudi kabla ya mvua zijazo.

Uwiano unaweza kupimwa bila kufungua difu, na mpwa wangu wa miaka kumi na minne ndiye aliyeifanya kazi hiyo, kwa fahari kubwa. Magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi imara, gia huwa huru, breki ya mkono huachiwa, na gurudumu moja la nyuma huinuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi. Tairi hilo na propela hutiwa alama ya chaki. Kisha tairi huzungushwa mara mbili kamili, huku la pili limetulia ardhini, na mizunguko ya propela huhesabiwa. Tulipata minne na sehemu ndogo: 4.1.

Hesabu ya fundi ilikuwa nyepesi. Ukitaka kuirudishia gari nguvu yake ya asili, zidisha 4.1 kwa ongezeko la tairi, nawe unakaribia 4.58. Jozi ya meno 41 kwa 9 inatoa 4.556. Shemeji, kwa uchu wa nguvu, aliulizia 39 kwa 8, yaani 4.875. Fundi alimkatalia, na mimi niliafikiana naye. Pinioni yenye meno machache huwa nyembamba zaidi, na gari lile huenda Dar es Salaam pia, safari ya zaidi ya kilomita 500 ambayo injini ingeikamilisha ikipiga kelele njia nzima.

Ubishi halisi ulikuwa juu ya difu ya mbele. Gari ni la magurudumu manne, na shemeji alitaka abadilishe nyuma tu: "Mbele naitumia masika peke yake." Haiwezekani. Difu hizo mbili si lazima zilingane kwa umbo, lakini uwiano ukitofautiana, dereva atakapounganisha magurudumu manne, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kikatike, na kitakatikia kwenye utelezi. Gharama ikawa mara mbili. Dada yangu ndiye aliyeamua: mtamba mmoja akauzwa, na kilichopungua wakakopeshwa na ndugu, bila riba.

Ufungaji ulichukua siku mbili, na fundi alisimama tu kwenda kula na kutuachia nafasi ya swala. Alipima mwanya kati ya krauni na pinioni kwa saa ya kupimia. Difu kama ile hutaka kati ya milimita 0.13 na 0.18. Alipaka meno rangi, akayazungusha, akatazama alama ilipoangukia, akafungua, akabadilisha shimu, akafunga tena. Mara nne. Aliweka beringi mpya na sili mpya, kwa sababu kuweka meno mapya juu ya beringi iliyokula maji ni kuyazika. Fundi anayemaliza difu kwa saa mbili, asiyekuwa na kifaa cha kupimia, mkimbie hata kama ni jirani.

Akatoa masharti: kilomita 800 za kwanza bila mzigo mzito, kupumzisha gari safari za mwanzo, kisha mafuta yamwagwe. Spidomita, iliyokuwa ikidanganya kwa sababu ya tairi kubwa, sasa inasema karibu na kweli. Mama alipelekwa kliniki kwa gia ya pili toka Marangu Mtoni mpaka Himo, na dereva aligusa breki kwenye kona tu.

Nilikuwa bado Moshi siku ya kumwaga mafuta. Yalitoka na rangi yake ya asali, na sumaku ya kizibo ilikuwa imeshika unga mwembamba kama wanja, bila kipande hata kimoja. Fundi akaupangusa kwa kitambaa, akajaza mapya, akageukia Canter moja iliyotoka Rombo, nayo ikiwa na mvumo wake.