Waifai ya Wageni Isifike kwa Faili za Wateja

Wacha niseme bila kuzunguka: ofisi ikiweka simu za wageni na kompyuta za kazi kwa mtandao mmoja, inacheza na siri za wateja wake. Najua ni maneno makali. Nisikize kwanza.

Mwaka jana niliitwa kwa ofisi moja ya uhasibu hapa Nairobi, wafanyakazi saba, waifai inasumbua. Paswadi ilikuwa imebandikwa ukutani, pale wateja huketi wakingoja. Nikaingia kwa simu yangu kama mteja yeyote. Dakika mbili baadaye nilikuwa naangalia folda ya ofisi, haina kufuli: nakala za vitambulisho, PIN za KRA, mishahara ya watu nisiowajua. Nikamwonyesha mwenye ofisi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Lakini si waifai iko na paswadi?"

Iko, boss. Lakini hiyo ni ya mlango wa nje. Ukishaingia, nyumba nzima ni chumba kimoja. Ruta nyingi hutoka dukani hivyo: sabneti moja, tuseme 192.168.1.0/24, yenye nafasi ya vifaa 254. Simu ya mgeni, printa, kamera, kompyuta ya mhasibu, wote wanaishi pamoja.

Kwa hivyo tukagawanya. Wafanyakazi wakapewa 192.168.10.0/24, printa na kamera 192.168.20.0/24, wageni 192.168.30.0/24 na jina lao tofauti la waifai.

Sasa hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Sabneti ni mpangilio wa anwani tu, si ukuta. Kama kila kitu bado kiko kwa swichi moja ya kawaida, mjanja anabadilisha anwani ya laptopu yake kwa mkono, na ako upande wa pili. Ndio unahitaji VLAN: swichi inatenganisha kila kundi hata kama waya ni ule ule. Tena kuna ruta. Kazi yake ni kuunganisha sabneti, so usipoiambia kitu, mara nyingi itampitisha mgeni hadi kwa mhasibu na roho safi kabisa. Lazima uiandikie sheria: wageni waende intaneti peke yake, wafanyakazi wafikie printa, kamera zisianzishe mazungumzo na kompyuta za kazi. Na ile folda? Tuliiwekea kufuli pia, kwa sababu kugawanya mtandao hakukuondolei hiyo kazi.

Kitu kimoja tu kilinunuliwa: swichi inayokubali VLAN. Ruta yao ilikuwa inaweza hayo yote kitambo, hakuna mtu alikuwa ameiuliza.

Mwenye ofisi alikuwa amesita mwanzoni. "Sisi ni wadogo, nani atatutafuta?" Hiyo nimeisikia mara nyingi, na inaniudhi, kwa sababu anayeumia si yeye. Ni yule mama aliyeleta kitambulisho chake akafanyiwe ritani, akaamini kimeingia mahali salama. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa huyo mama haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data za watu azilinde. Udogo wa ofisi haupunguzi ukubwa wa siri ya mtu.

Kwa hivyo wewe unayefanya kazi kwa ofisi ndogo, kesho ukifika job, ingia waifai ya wageni na simu yako. Fungua brauza, andika anwani ya printa yenu, au ile ya ruta. Ikifunguka, mwite boss aone. Usianze kumweleza mambo ya sabneti. Mpe tu hiyo simu aangalie.