Gharama ya Elimu na Daftari la Mama

Elimu ni mali ambayo watu wote huisifu, lakini si watu wote huuliza bei yake. Mtu atakaye kuunda jahazi huuliza bei ya mbao, misumari, tanga na nanga. Kisha huuliza chakula cha mabaharia watakaoliendesha. Lakini mzazi apelekaye mtoto chuo kikuu aghalabu huuliza jambo moja tu: karo ni kiasi gani? Akiambiwa kwamba serikali itachukua sehemu kubwa ya karo hiyo, hushukuru na kudhani kuwa hesabu imekwisha. Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha kwamba hapo ndipo hesabu inapoanza, na kwamba kijana anayeijua mapema ana matumaini makubwa zaidi ya kuimaliza safari yake kuliko yule anayekutana nayo njiani.

Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Mwanafunzi wa kwetu anayekwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko Kilifi, hupanda boti Mtangawanda, huvuka mpaka Mokowe iliyoko bara, kisha hupanda basi lipitalo Witu, Garsen na Malindi. Anayekwenda Nairobi bado ana mwendo mrefu kuliko huo mbele yake. Chuo hufungwa na kufunguliwa, na kila mara nauli ya bahari huongezwa juu ya nauli ya barabara. Mwenzake aliyezaliwa karibu na lango la chuo hupewa barua yenye maneno yale yale na tarakimu zile zile. Lakini barua hiyo haijui kwamba baina ya mmoja wao na darasa lake kuna maji.

Msaada wa fedha kwa wanafunzi wa elimu ya juu nchini Kenya una historia ndefu. Mwaka 1952, wakati wa ukoloni, ilianzishwa hazina ya mikopo kwa waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 serikali ya Kenya huru ilianzisha mpango wake wa kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu. Wako wazee ambao mpaka leo husimulia jinsi walivyosoma bila kulipa karo, na juu ya hayo wakapewa posho ya kutumia. Mwaka 1991 desturi hiyo ilikoma: ikaamuliwa kwamba gharama zigawanywe baina ya serikali na mwananchi. Mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi huijua kwa jina la HELB. Tangu hapo mwanafunzi amekuwa mdeni kabla hajawa mfanyakazi.

Mimi niliingia chuo kikuu cha umma wakati ambapo mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alitakiwa kulipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Majirani walipoisikia hesabu hiyo walimpongeza baba yangu kana kwamba ameokota lulu. Mama yangu hakusoma shule nyingi, lakini aliamini methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Alinunua daftari la kurasa themanini akaanza kuandika. Ukurasa wa kwanza uliandikwa karo, nao ulikuwa na mstari mmoja tu. Kurasa zilizofuata ziliandikwa boti, basi, godoro, sufuria, chumba, chakula, vitabu, karatasi, dawa, sabuni. Mwaka wangu wa kwanza ulipokwisha, mstari ule wa karo ulikuwa mfupi miongoni mwa mistari mirefu.

Kulikuwa pia na jambo ambalo mama hakuweza kuliandika, kwa sababu halikutoka mfukoni. Baba yangu alikuwa mvuvi. Chombo cha uvuvi kirudipo pwani, mapato hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Tangu nilipomaliza shule nilikuwa nikienda baharini naye, na kila siku mafungu mawili ya mabaharia yalikuja nyumba moja. Nilipoondoka kwenda chuoni, fungu langu lilikwenda kwa mtu mwingine. Hakuna aliyetudai fedha hizo, na hakuna aliyetupa risiti; lakini chungu cha nyumbani kilijua kwamba zimepungua. Gharama ya mwanafunzi ni kile anachotumia pamoja na kile ambacho angalileta kama angalikuwa nyumbani.

Siku hizi utaratibu umebadilika. Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango mpya, ambao kwa mujibu wake gharama ya masomo hugawanywa mara tatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo, na mchango wa nyumba. Mwaka 2024 wanafunzi waliwekwa katika madaraja matano kwa kadiri ya hali ya nyumba zao. Daraja la kwanza, la wahitaji zaidi, lilipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na nyumba ikatakiwa kutoa asilimia 5. Daraja la tano lilipewa ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na nyumba ikatakiwa kutoa asilimia 40. Tena kulikuwa na mkopo wa masurufu, wa shilingi 60,000 kwa mwaka katika daraja la kwanza, ukishuka hatua kwa hatua mpaka shilingi 40,000 katika daraja la tano. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huo unapingana na Katiba, na serikali ikakata rufani. Kwa hiyo ni wajibu wa kila msomaji kuuliza utaratibu ulivyo katika mwaka wake. Lakini namna ya kuupiga hesabu ni ile ile.

Natuipige pamoja. Tuseme masomo yako yanagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka, nawe umewekwa daraja la kwanza. Ufadhili ni shilingi 140,000, mkopo ni shilingi 50,000, na nyumba yenu hutoa shilingi 10,000. Mtu husema: elfu kumi tu! Lakini tazama masurufu. Shilingi 60,000 zikigawanywa kwa mihula miwili ni 30,000. Muhula wa miezi minne huwa na shilingi 7,500 kwa mwezi, yaani shilingi 250 kwa siku. Katika shilingi hizo utatoa kodi ya chumba kama hukupata bweni, na chakula cha mara tatu, na kazi za kuchapisha, na intaneti, na nauli ya kurudi Pate. Kinachopungua hakitajwi katika barua yoyote. Huombwa kwa simu, na simu hiyo hupokewa na mama.

Iko taabu nyingine ambayo watu wa visiwani huijua kuliko wengine. Ili kuwekwa katika daraja, mwanafunzi hujibu maswali juu ya mapato ya wazazi wake. Mwalimu au karani ana mshahara unaojulikana. Hujaza tarakimu akamaliza. Mvuvi ajaze nini? Wakati wa kaskazi bahari hutulia, na kipato chake kwa mwezi huweza kuwa kizuri. Wakati wa kusi mawimbi huwa makali, na chombo kidogo huweza kukaa pwani siku nyingi bila kutoka. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu walisimamishwa kazi kwa amri ya siku moja. Nyumba za namna hii haziwezi kusema kwa hakika zinapata kiasi gani. Tena vyuo hupokea wanafunzi wapya mwezi wa Agosti au Septemba, yaani wakati ambao kusi haijakwisha na mfuko wa mvuvi ni mwepesi kuliko wakati wote wa mwaka. Basi fedha hutakiwa siku ambayo bahari haitoi.

Sasa tulitazame deni lenyewe. Katika mfano wetu, mwanafunzi wa daraja la kwanza hukopa shilingi 50,000 za masomo na 60,000 za masurufu, jumla shilingi 110,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni shilingi 440,000. Riba ya asilimia 4 juu ya deni hilo ni shilingi 17,600 kwa mwaka mmoja. Malipo hutakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kazi ipatikane isipatikane. Sisemi haya ili kumtisha mtu. Mkopo huu ni nafuu kuliko ule wa benki, na bila huo mimi nisingalisoma. Ninasema ili mtu asiuite zawadi kitu ambacho ni deni, kwa maana dawa ya deni ni kulipa, na mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa hatafuti dawa.

Lakini liko deni la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike. Ndugu yangu wa kike anayenifuata alimaliza kidato cha nne nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Alama zake zilimtosha kusomea uuguzi. Nyumba yetu haikuweza kubeba wawili kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa nimekwisha kuanza. Hakulia wala hakulaumu mtu. Alikaa nyumbani miaka miwili akidarizi kofia, kazi ambayo kofia moja iliyotengenezwa vizuri huchukua majuma mengi. Nilipolisoma daftari la mama baadaye, niliona fedha za kofia zimeingia upande wa mapato kwa jina lake, na zimetoka upande wa matumizi kwa jina langu.

Nilipoajiriwa, makato mawili yalitoka katika mshahara wangu. La kwanza lilikuwa la Bodi. La pili nililikata mwenyewe kwa ajili ya karo yake, naye leo ni muuguzi. Deni la Bodi nimelimaliza, na nimepewa cheti cha kuthibitisha kwamba sidaiwi. Ile miaka miwili haina cheti. Nilipomwuliza kama inamuuma, alinijibu kwamba haimuumi kwa kuwa niliijua. Angalikuwa na uchungu, alisema, kama ningaliamini kwamba nilisoma kwa shilingi 16,000.

Neno hilo nimelitafakari mara nyingi. Sioni kwamba elimu ya chuo kikuu ni ghali kupita faida yake. Nyumba yetu ina faida hiyo, na kijiji chetu pia. Ninaona kwamba ubaya uko katika kuificha bei. Nyumba iliyohesabu vizuri hujua ni nani atangulie na ni nani angoje, na kwa muda gani. Huweka akiba wakati wa kaskazi kwa ajili ya kusi. Huomba msaada wa kaunti na wa eneo bunge mapema, bila kuutegemea kana kwamba umekwisha kufika. Nyumba isiyohesabu hushtushwa kila muhula, na mwanafunzi wake huacha masomo kwa kukosa fedha ndogo, hali kubwa zimekwisha kulipwa.

Msomaji kijana, ukiipata barua yako, ifurahie, kwa sababu umeifanyia kazi. Kisha keti na wazazi wako, chukua karatasi, uigawe sehemu nne. Katika ya kwanza andika kitakachotolewa wala kisidaiwe. Katika ya pili andika kitakachokopwa, ukizidishe kwa miaka yote ya masomo. Katika ya tatu andika kila kitu ambacho nyumba itatoa, hata nauli ya boti na sabuni. Katika ya nne usiandike tarakimu. Andika majina ya watu watakaongoja kwa ajili yako. Sehemu tatu za kwanza zitakufundisha matumizi mema ya fedha. Ya nne itakufundisha kwa nini usilale wakati wenzako wanasoma, na baada ya kuhitimu, ni nani umwinue kwanza.