Nilidhani wanabishania magari tu

Kila Jumapili jioni jiko langu hugeuka kijiwe. Mwanangu wa kwanza, aliyetimiza miaka 18 mwaka jana, huja na marafiki zake wawili: mmoja Mjerumani, mwingine mtoto wa Kituruki, wote wamekua naye tangu chekechea. Mimi nasukuma chapati, wao wanazimaliza zikiwa bado za moto, na mada ni ile ile wiki hadi wiki: gari gani lina kasi zaidi.

Tunaishi karibu na Koblenz, Ujerumani, mwendo wa saa moja hivi kutoka Nürburgring. Kwa asiyepajua, hiyo ni njia ya mbio za magari iliyofunguliwa mwaka 1927 kwenye milima na misitu ya Eifel. Sehemu yake ya kaskazini, ambayo ndiyo yenye jina, ina urefu wa kilomita 20.8 na kona 73. Kutoka mahali pake pa chini kabisa hadi pa juu kabisa ni tofauti ya mita 300 hivi. Hapo ndipo Niki Lauda alipoungua ndani ya gari lake mwaka 1976, na Formula 1 haikurudi tena kwenye sehemu hiyo.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba siku nyingi za mwaka njia hiyo hufunguliwa kwa watu wa kawaida. Ukiwa na leseni na gari linaloruhusiwa barabarani, unalipa euro 30 na ushei kwa mzunguko mmoja, unaingia na gari lile lile ulilobebea viazi jana. Zipo pia siku maalumu ambazo waandaaji huikodi njia nzima, na wapenzi wa magari hulipia kuzunguka kutwa. Vijana wa huku wanaijua ratiba ya siku hizo kama sisi tulivyokuwa tukijua ratiba ya Simba na Yanga.

Basi ubishi wa jikoni kwangu ulikuwa hivi. Yule Mjerumani ni mtu wa nguvu za injini. Kwake hakuna cha kuzungumza zaidi ya BMW M4, kwa sababu mwisho wa mzunguko kuna mnyoosho mrefu unaoitwa Döttinger Höhe, na hapo mwenye injini kubwa anawaacha wote. Yule wa Kituruki anatetea magari yanayovutwa na tairi za mbele, Honda Civic Type R na Renault Mégane, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakinyang'anyana rekodi ya kundi lao hapo hapo Nürburgring. Mwanangu yeye ni wa Mazda MX-5, kigari kidogo cha watu wawili ambacho matoleo yake ya zamani yana uzito wa tani moja tu. M4 ya sasa inazidi kilo 1,700.

"Uzito ndio adui," mwanangu husema. "Gari zito unalikimbiza kwenye mnyoosho, lakini kila kona lazima ulisimamishe. Mzunguko wa tatu breki zimechoka, tairi zimechoka, mimi nakupita."

Nilikuwa nikisikiliza huku nikitabasamu. Nilijiambia, afadhali wabishane magari kuliko mambo mengine ninayoyasikia kwa wazazi wenzangu. Wala sikuwahi kuuliza swali hata moja.

Siku moja nilipokuwa nabadilisha mashuka chumbani kwake, nikakuta picha imeangukia nyuma ya kitanda. Lazima nieleze kuwa pale Nürburgring wapo wapiga picha wanaosimama kwenye kona na kupiga kila gari linalopita, kisha wanauza picha mtandaoni. Hii ilikuwa Golf nyekundu ya zamani, ya yule rafiki Mjerumani. Gari limelala upande mmoja kwenye kona, tairi la ndani limenyanyuka kidogo. Aliyeshika usukani alikuwa mwanangu. Chini kulikuwa na tarehe, nayo ilikuwa Jumamosi ambayo aliniaga kuwa anakwenda kujisomea hisabati.

Nilikaa kitandani. Mashuka yalibaki pale pale hadi jioni.

Mzazi mwenzangu, ngoja nikueleze kwa nini miguu iliniisha nguvu. Mwanangu amebeba jina la mjomba wake, kaka yangu aliyenifuata kwa kuzaliwa. Kaka yangu alifariki barabarani mwaka 2001, kati ya Chalinze na Segera, akiwa na miaka 24, akirudi nyumbani Tanga kwa sikukuu. Watoto wangu wote wanajua kuwa mjomba alikufa kwa ajali. Wasichokijua, kwa kuwa sikuwahi kuwaambia, ni kwamba magari yalikuwa mawili, ya marafiki, na walikuwa wamewekeana dau nani atatangulia kufika Segera.

Nyumbani tulilisema hilo siku za msiba tu, kwa sauti ya chini, kisha tukalifunika. Mama hakutaka mwanawe akumbukwe hivyo. Nami nilipokuja huku nikaendelea kulifunika, nikaona ndiyo heshima.

Usiku ule nilimsubiri mume wangu. Yeye ni dereva wa lori, amekaa barabarani miaka zaidi ya 20. Nilitegemea atawaka. Aliitazama ile picha muda mrefu, akamwita kijana, akamwuliza swali moja tu: "Breki zilikuwaje?"

Nilikasirika mpaka nikainuka kwenye kiti. Mtoto ametudanganya, ameendesha gari la watu, ameingia mahali pa kufia, na baba yake anauliza habari za breki? Lakini nilipomtazama mwanangu, niliona uso umebadilika. Swali lilikuwa limemfikia.

Akasema kwamba mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili, wakiwa kwenye mteremko wa kushuka kijiji cha Breidscheid, alikanyaga breki, kanyagio likazama. Akakanyaga tena na tena, akashusha gia, akapita kona akiwa ameenea barabara nzima. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Wakaliendesha polepole mpaka getini, wakakaa kwenye maegesho kama saa nzima bila kuongea. Na Jumapili iliyofuata walikuja kula chapati zangu na kubishania M4 na MX-5 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mume wangu akamweleza kitu ambacho kila dereva anayeshuka Kitonga na mzigo anakijua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Breki zikipata moto sana, mafuta yaliyochakaa huchemka, yanatoa mapovu, na povu halisukumi kitu. Gari la kwenda dukani halitakuonyesha tatizo hilo mwaka mzima. Mteremko mmoja kwa kasi utakuonyesha. "Ulikuwa unajua uzito wa magari yote ya dunia," alimwambia, "ila hukujua mafuta ya breki ya gari ulilokalia yana umri gani."

Hapo zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimepanga kugomba. Badala yake nikamsimulia habari za mjomba wake, yote, pamoja na lile dau. Sauti ilinitetemeka. Aliponyamaza nilidhani analia, kumbe alikuwa anafikiri. Akaniuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu ukweli, kwamba niliogopa akilijua jina lake limetoka wapi atalichukia. Akasema, "Nami sikukwambia kwa sababu niliogopa utanikataza magari yote."

Mama na mtoto, kila mmoja alikuwa na siri yake, tena ya kitu kimoja.

Wiki chache baadaye nilimwambia anipeleke nikapaone. Tulikwenda na jirani yetu, mzee aliyestaafu ufundi wa magari, ambaye ujana wake wote ameumalizia kwenye gereji za huko Eifel. Tulisimama mahali panapoitwa Brünnchen, kona maarufu ambapo watazamaji hujazana na viti vyao na chakula. Magari yalikuwa mazuri, sikatai. Lakini nilichokiona zaidi ni watazamaji. Gari likipita vizuri, watu wanatafuna. Gari likiyumba, simu zote zinanyanyuka. Nilimwuliza mwanangu kwa Kiswahili, "Hawa wamekuja kuangalia nini?" Alikaa kimya kidogo. "Kuna wanaosubiri ajali, Mama."

Yule mzee ndiye aliyemaliza ubishi wa jikoni kwangu, au niseme aliugeuza. Alituambia kila tairi hugusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Injini yote, uzito wote na breki zote hupitia kwenye viganja vinne. Kwa hiyo gari lile lile likivalishwa tairi nyingine ni gari jingine, na anayetaja gari bila kutaja tairi hajasema kitu. Kisha akatusimulia habari za Sabine Schmitz, mwanamke aliyekulia hapo hapo Nürburg katika familia yenye hoteli, na aliyeshinda mbio za saa 24 za Nürburgring mwaka 1996 na 1997.

Mtangazaji wa Uingereza, Jeremy Clarkson, alizunguka kwa Jaguar ya dizeli akijitahidi kwa nguvu zote, akapata dakika 9 na sekunde 59. Sabine akalichukua gari lile lile, akapata dakika 9 na sekunde 12. Baadaye akachukua Ford Transit, gari la kubebea mizigo, akamaliza kwa dakika 10 na sekunde 8. Yaani mwenye kuijua njia, akiwa na gari la mizigo, alizidiwa sekunde 9 tu na mgeni mwenye Jaguar. Alifariki mwaka 2021 kwa saratani, na kona ya kwanza ya njia hiyo sasa ina jina lake.

"Sasa niambie," mzee akamwuliza mwanangu, "gari gani lina kasi?" Kijana akacheka. Nilifurahi kumwona anacheka mahali pale.

Hatukumkataza. Najua wapo watakaonilaumu. Lakini ana leseni yake halali, na nikimkataza atarudi kwenye hisabati za Jumamosi. Tulikaa mezani sisi watatu tukakubaliana mambo machache.

La kwanza, haingii pale na gari la mtu mwingine. Tulisoma naye mkataba wa bima yetu neno kwa neno. Kampuni nyingi za bima za huku hazilipi uharibifu wa gari lako mwenyewe kwenye njia ile, na ukigonga kingo za chuma, unadaiwa gharama zake. Alipopiga hesabu ya mshahara wake wa mafunzo ya ufundi, alinyamaza.

La pili, kabla ya kurudi pale atasoma kozi ya udereva wa usalama, kulijua gari linapoteleza na linapofunga breki, kwenye uwanja wa mafunzo ambako ukikosea unagonga koni ya plastiki. Nusu atalipa yeye, nusu sisi.

La tatu, kasi inabaki huko inakolipiwa. Katika barabara za watu wote, zenye watoto, baiskeli na bibi zangu ninaowauguza, hakuna mbio na hakuna dau. Mume wangu alimwonyesha kwa hesabu: ukitoka mwendo wa 50 kwenda 100, breki zinahitaji umbali mara nne kusimama, si mara mbili. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe kwenye karatasi, mara mbili, kuhakikisha.

La nne lilikuwa langu. Anaponiaga, aniage anakokwenda kweli. Nami akiniambia, nisipige kelele kabla hajamaliza sentensi. Hilo la pili ndilo linalonishinda. Kozi ya kwanza aliyokwenda, nilikuwa zamu kazini, nikaangalia simu kila nilipotoka chumba cha mgonjwa mmoja kuingia kwa mwingine. Saa kumi na moja ukaingia ujumbe: "Nimemaliza. Nimegonga koni tatu. Narudi."

Wanangu wengine bado wadogo, wa mwisho ana miaka tisa. Nao sasa wanajua mjomba alikufaje. Nilipompigia mama Tanga kumwambia nimewaeleza, alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Ulifanya vizuri. Mimi sikuweza."

Jumapili bado jiko langu ni kijiwe. Wiki iliyopita yule Mjerumani alianza tena na M4 yake. Nikageuza chapati, nikamwuliza, "Tairi gani? Na mafuta ya breki ulibadilisha lini?" Wote watatu wakaniangalia. Akasema wiki iliyopita, na risiti anayo.

Nikamwekea chapati mbili.