Mlango wa Mwisho

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo ilimfunza jambo sajenti mmoja mstaafu nchini Uganda, katika jengo la ghorofa tatu wanamokaa askari wa jeshi na polisi pamoja na familia zao.

Wapangaji walichanga fedha ili jengo lao lipate waifai. Usimamizi wakamwachia mzee huyo, maadamu alitumikia miaka mingi katika kikosi cha mawasiliano. Akanunua mtambo mmoja mkubwa wenye antena nne, akaufunga ghorofa ya chini, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Kila alipofungua simu yake, picha zilitiririka kama maji ya mto, naye akatangaza kuwa kazi imekwisha. Waliolalamika aliwajibu kuwa simu zao ni mbovu.

Ghorofa ya juu, chumba cha mwisho, alikaa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa kazini Somalia, nchi ambayo askari wa Uganda walianza kupelekwa kulinda amani mwaka 2007. Kijana alipiga simu ya picha kila Jumamosi usiku. Mama, mwenye goti bovu, alishuka akishika ukuta na kuketi kwenye ngazi za chini, kwani huko juu uso wa mwanawe uliganda na sauti ikakatika. Jumamosi moja mvua kubwa ilinyesha, ngazi zikalowa, mama akabaki chumbani. Simu ikalia. Akamsikia kijana akisema, "Mama, sikiliza vizuri," kisha kimya. Hakupata usingizi hadi alfajiri.

Kulipokucha alibisha mlangoni kwa mzee. "Afande," alisema kwa upole, "kwako wewe yote yanasikika. Mimi nimekesha na maneno matatu."

Jioni ile alishuka tena, akalijua neno lililokatika: likizo ya kijana imeahirishwa kwa mwezi mmoja. Halikuwa neno la msiba. Lakini mzee alitambua kuwa usiku kucha lingaliweza kuwa neno lolote. Katika ujana wake hakuthubutu kamwe kusema kuwa redio ni nzima kwa sababu tu imesikika makao makuu. Alingoja jibu la kituo cha mbali kabisa. Sasa alikuwa amelipima jengo zima kwa mlango wake mwenyewe.

Akatwaa daftari na simu, akapita chumba hadi chumba akiandika nguvu ya mawimbi. Kipimo hicho huandikwa kwa tarakimu zilizo chini ya sifuri, na kadiri tarakimu inavyoikaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Mlangoni kwake alisoma −40; chumbani kwa mama, −84. Mafundi wengi hupenda isishuke chini ya −67 pale watu wanapotaka kuzungumza kwa sauti. Sababu zilikuwa wazi: sakafu za zege lenye nondo, mlango wa chuma na tangi la maji, vyote vikiyazuia mawimbi.

Wazo la kwanza lilikuwa kununua mtambo wenye nguvu zaidi. Hata hivyo alikumbuka kuwa waifai nayo ni redio. Tangu mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa kikiunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, na kanuni za kwanza za waifai zilitolewa mwaka 1997. Redio ni mazungumzo ya pande mbili. Mtambo ukipaaza sauti, simu itausikia. Lakini jibu la simu, lenye nguvu haba, halitafika. Alama zinazoonekana kwenye simu husema kuwa simu imesikia. Hazisemi kuwa imesikika.

Basi akauuza mtambo ule, akaongeza fedha kutoka pensheni yake, wala hakuwadai wapangaji hata shilingi moja. Alinunua vituo vitatu vidogo, kimoja kwa kila ghorofa, vikafungwa kwenye dari la ujia, mbali na chuma na maji. Kila kimoja kilivutiwa waya wake, usiozidi mita 100, uliopeleka mawasiliano na umeme kwa pamoja. Vikapewa chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Nguvu yake akaipunguza, kwani kituo kinachopiga kelele kupita kiasi hung'ang'aniwa na simu hata mwenyewe akishapanda ghorofa nyingine. Vyote vikapewa jina moja, na neno la siri la kiwandani likabadilishwa.

Alipopima tena, alianzia chumba cha mwisho: −52. Mlangoni kwake ilikuwa −58, pungufu ya zamani. Akaiandika, akafunga daftari.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tena. Mama aliketi kitini mwake, mguu ukiwa juu ya kigoda, akazungumza na mwanawe hadi wakaagana wenyewe.

Apewaye kazi ya watu wengi na aanzie kupima kwenye mlango wa mwisho. Huko kukisikika, kwingine kote kutasikika.