Kwanza Mizani, Mashine Baadaye

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Ukweli wa kauli hiyo uliniingia mwaka 2022, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha jimbo la Iowa, Marekani.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mpenzi wa mchezo wa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Kila jioni aliketi katika chumba cha kuegeshea gari akijaza upya maganda ya risasi aliyokwisha kuyafyatua. Sheria ya huko humruhusu raia kufanya hivyo kwa matumizi yake mwenyewe. Hapa kwetu silaha na risasi zinatawaliwa na Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, wala si jambo la kujaribiwa nyumbani.

Siku moja mjukuu wake, kijana aliyetaka kuianza kazi hiyo, alikuja na picha ya mashine kubwa itoayo risasi kamili kila mkono wake uvutwapo. Mzee aliitazama, kisha akamwuliza, "Na mizani yako i wapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Mzee akampangia: kwanza kitabu cha vipimo vilivyopimwa na watengenezaji baruti, pili mizani, mwisho mashine ndogo ya kujaza ganda mojamoja, ili jicho lipate kuchungulia kila ganda. Mashine, alieleza, hupima baruti kwa ujazo, si kwa uzito. Mizani ndiyo shahidi wake. Baruti ikizidi, mtutu waweza kupasuka usoni pa mlengaji. Ikipungua mno, kile kikombe cha plastiki kitenganishacho baruti na marisaa chaweza kukwama mtutuni, na risasi ifuatayo ikaleta maafa yale yale. Aidha, kifaa kimoja hakibadilishwi na kingine kwa sababu tu vinafanana.

Usiku huo nilimpigia simu babu yangu huko Kilifi, nikamsimulia niliyoyaona. "Babu, wanatia praima, halafu pauda, halafu shoti."

Akanyamaza kidogo. "Mjukuu wangu, unasema fataki, baruti na marisaa? Mbona gobori la marehemu baba likishindiliwa kwa vitu hivyo hivyo? Huo mdeki wao wameutupa wapi?"

Ndugu msomaji, niliona haya. Mimi mwenye shahada ya Kiswahili nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu juma lile lile kwamba lugha yetu haina msamiati wa mambo kama hayo. Kumbe sikuwa nimepima. Niliporudi mezani pa mzee, nilivitazama vitu vyake kwa jicho jingine. Mizani yake ilihesabu kwa punje, na punje 7,000 hufanya ratili moja. Marisaa aliyapima kwa wakia, na wakia 16 ni ratili. Ratili na wakia ni maneno ambayo wafanyabiashara wa pwani yetu waliyatumia kabla kilo haijatawala. Hata neno risasi lenyewe ni jina la madini yanayoyeyushwa kuyafanya marisaa hayo.

Sisemi kwamba tusikope. Kikombe kile cha plastiki sikukipatia jina, na yamkini hatuna budi kulibuni. Ninachosema ni kwamba nilikuwa kama yule kijana: niliikimbilia mashine ya kukopa na kubuni kabla ya kununua mizani, yaani kufungua kamusi kongwe na kuwauliza wazee wangali hai.

Wanakiswahili wenzangu, babu yangu ana miaka 84. Tangu siku ile, kabla sijaandika kwamba Kiswahili hakina neno, humpigia simu kwanza.