Tulipoifunga Leza kwenye Bunduki

Waliotazama filamu ya The Terminator mwaka 1984 waliiona bastola ya Arnold Schwarzenegger ikitoa mwale mwekundu, wakadhani silaha za aina hiyo zimeshajaa makambini. Sisi tuliokuwa kwenye karakana za leza kule California tulicheka. Leza ile ilikuwa ya heliamu na neoni: mrija wa kioo uliotaka volti kama 10,000 ili uwake. Betri ilifichwa ndani ya nguo za mwigizaji, nyaya zikapitishwa kwenye mkono wa koti. Askari gani angekwenda vitani na mzigo huo?

Mimi nilikuwa fundi wa benchi, kijana wa Mombasa niliyelowea kule baada ya masomo ya elektroniki. Leza ya kwanza aliiwasha Theodore Maiman Mei 1960 huko Malibu, si mbali na karakana yetu. Iliyotuokoa na mzigo wa mrija na nyaya ni diodi, kipande cha semikondakta ambacho hukishiki ila kwa kibanio, na kinawaka kwa volti mbili tatu. Diodi za leza zilikuwapo tangu 1962, ila mpaka 1970 ndipo zilipoweza kuwaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Tulichagua zile za infraredi: jicho tupu halioni kitu, aliyevaa miwani ya usiku anaona kila kitu.

Wageni wakija walitaka kuonyeshwa leza. Mkuu wetu aliwapeleka kwenye kishikio kinachoifunga leza kwenye bunduki. Chukua kishikio cha sentimita 10. Ncha moja ikisogea sehemu ya kumi ya milimita, doa la mwanga huhama sentimita 30 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 300. Na bunduki ikifyatuliwa hutikisa kila skrubu. Tulifunga kifaa, tukapiga risasi, tukapima doa. Tukakitia kwenye friji, tukapima. Tukakitia kwenye oveni, tukapima tena. Gundi iliyoshika lenzi ilinywea kwa baridi, doa likapanda. Ikipata joto, likashuka. Sijapata kuona watu wazima wakigombana hivyo kwa ajili ya gundi.

Kupima umbali nako kulikuwa na yake. Unatuma mpigo wa mwanga, unangoja urudi, unahesabu muda. Kutoka mita 300 mpigo hurudi baada ya maikrosekunde mbili, na ukikosea nanosekunde saba hivi, umekosea mita nzima. Kwenye kifaru nafasi ipo na umeme upo. Kwenye bunduki una betri ndogo tu. Halafu kuna macho. Leza za zamani za vifaru, za rubi na za neodimi, zingeweza kumpofusha mwenzako mazoezini, ndiyo maana wapimaji umbali walihamia mawimbi ya maikromita 1.5 hivi, ambayo humezwa na maji ya mbele ya jicho kabla ya kufika kwenye retina. Mwaka 1995, mjini Vienna, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku silaha za leza za kupofusha. Karakanani tuliipokea vizuri habari hiyo, kisha tukarudi kwenye benchi kuboresha kifaa cha kuelekeza risasi kifuani mwa mtu. Jambo hilo lilinikaa kooni, nikanyamaza; kodi ya nyumba ilikuwa yangu.

Baadaye wakubwa wakataka yote kwa mkupuo. Katika silaha iliyoitwa XM29, leza ilipima umbali, kompyuta ikaliambia kombora la milimita 20 lipasuke wapi, hata nyuma ya ukuta, kwa kuhesabu mizunguko yake hewani. Ilikuwa hesabu tamu, lakini silaha ikawa nzito kupita kiasi. Ikagawanywa, ikazaliwa XM25 ya milimita 25. Ikajaribiwa Afghanistan kuanzia 2010, na mwaka 2018 mradi ukafungwa. Kile kidude cha infraredi cha kulengea bado kiko juu ya bunduki, ingawa siku hizi adui naye ana miwani ya usiku, na mwale anaufuata mpaka kwa aliyeuwasha.